Ukimya Huo ni wa Nani?

SWALI (nimelifupisha): Shikamoo Mwalimu. Katika miezi miwili nimesoma riwaya nne, mbili za upelelezi na mbili za mapenzi. Ya kwanza ya upelelezi nilimjua muuaji ukurasa wa 60, nikamalizia kwa kujilazimisha. Ya pili sikumjua hata kidogo, lakini mwishoni nilikasirika. Inasimuliwa na mpelelezi mwenyewe kwa nafsi ya kwanza, na muuaji ni mtu aliyetajwa mara moja tu. Ushahidi uliomnasa ulikuwa kwenye barua ambayo mpelelezi "nilitabasamu, nikaitia mfukoni", nasi hatukuambiwa imesema nini. Ya kwanza ya mapenzi nilijua tangu mwanzo kwamba wataoana, na bado nililia, nikairudia. Mwanamke anampenda kijana, na baba wa kijana ndiye aliyemfilisi baba wa mwanamke. Mwanamke anajua, kijana hajui, na baba wa kijana yuko kitandani anakufa. Ya pili niliichukia: msichana anamwona mchumba wake kituo cha treni akimkumbatia mwanamke, hamuulizi, anahama mji, na kurasa 140 baadaye tunaambiwa yule alikuwa dada yake. Rafiki yangu ananiambia sina msimamo, kwamba kujua mwisho kumeniudhi huku na kumenifurahisha kule. Je, nasoma vibaya? Na nikitaka kutoa maoni, niseme nini zaidi ya "nzuri" na "imeniboa"?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Msimamo unao, tena mmoja tu. Rafiki yako ndiye aliyezipanga riwaya zako vibaya: huku zile ulizojua mwisho wake, kule zile ambazo hukuujua. Mimi nikizipanga upya, barua iliyotiwa mfukoni na lile kumbatio la kituoni vinakaa pamoja, kwa sababu ni kosa lilelile lililobadili nguo.

Tazama. Mpelelezi anasoma barua, msomaji haambiwi. Msichana anaona kumbatio, mchumba haulizwi. Kote kuwili kuna mtu mwenye neno mdomoni, na mdomo umefungwa. Nani kaufunga? Mpelelezi hana sababu ya kutuficha, yeye ndiye aliyeanza kutusimulia mambo yake bila kuombwa. Na msichana, kwa maelezo yako, ni mtu wa kugombana na mchumba wake hadharani kwa kuchelewa dakika kumi. Leo kaona hilo, kanyamaza. Aliyeifunga midomo hiyo ni mwandishi, kwa kuwa ikifunguka kitabu kimekwisha.

Nimehariri miswada ya riwaya kwa miaka mingi, na popote nionapo jambo limefichwa naandika pembeni kwa penseli: ukimya huu ni wa nani? Ukiwa wa mhusika, nitataka kujua anaogopa nini na unamgharimu kiasi gani. Ukiwa wa mwandishi, namrudishia mwenyewe. Fumbo la riwaya, liwe la damu au la moyo, limesimama juu ya mtu asiyesema, ndiyo maana swali hilo moja linanitosha kwa aina zote mbili.

Tuanze na barua, maana hapo una sheria upande wako. Hadithi za upelelezi kwa sura tunayoijua huhesabiwa kuanzia 1841, Edgar Allan Poe alipochapisha The Murders in the Rue Morgue. Ilichukua zaidi ya miaka 80 ndipo waandishi wenyewe wakaanza kuorodhesha haki za msomaji. Mwaka 1928 Mmarekani S. S. Van Dine alitoa kanuni 20, na ya kwanza inasema msomaji awe na nafasi sawa na mpelelezi ya kulifumbua fumbo. Mwaka uliofuata Ronald Knox, padri wa Kiingereza aliyekuwa pia mwandishi wa riwaya hizo, akatoa zake 10, kwa utani mwingi lakini akimaanisha. Mhalifu awe ametajwa mapema katika hadithi. Mpelelezi akipata kidokezo, akitangaze. Riwaya yako imezivunja zote mbili kwa pigo moja. Na mwaka huohuo wa 1929 ilitoka riwaya ya kwanza ya Ellery Queen, jina la kalamu la mabinamu wawili, ambayo kabla ya kufika mwisho inasimama kabisa na kumwambia msomaji kwamba vidokezo vyote sasa anavyo, basi amtaje muuaji. Fikiria mwandishi wako angethubutu kufanya hivyo, huku ile barua imo mfukoni!

Utaniuliza: mbona Sherlock Holmes, yule mpelelezi mashuhuri wa vitabuni, anatuficha kila mara na hatukasiriki? Kwa sababu msimulizi ni Watson, swahiba wake. Holmes anamficha Watson, kwa majivuno na kwa kupenda kuwashangaza watu, na sisi tumekaa upande wa Watson. Ukimya una mwenyewe, tena unalingana na tabia yake. Muhammed Said Abdulla aliujua ufundi huo. Katika riwaya zake za mpelelezi Bwana Msa, zilizoanza na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, swahiba wa mpelelezi, Najum, anauliza yale ambayo sisi tungeuliza, na anaachwa gizani pamoja nasi. Knox alimtungia swahiba wa namna hiyo kanuni yake kabisa: asifiche wazo lolote linalopita kichwani mwake, na akili yake iwe chini kidogo, kidogo sana, ya ile ya msomaji wa kawaida.

Riwaya yako haina Watson. Anayesema ni mpelelezi mwenyewe, na tumo ndani ya kichwa chake mchana na usiku. Umeniandikia kwamba anatueleza viatu vinavyombana, anatueleza ndoto ya marehemu mama yake, anatueleza hata harufu ya ngazi anazopanda. Kisha barua inafika, na ghafla tunatolewa nje na mlango unafungwa. Hasira yako ilikuwa halali.

Nisieleweke vibaya, nafsi ya kwanza si kikwazo. Mwaka 1926 Agatha Christie alitoa The Murder of Roger Ackroyd, ambayo mwanakijiji mmoja anaisimulia kwa nafsi ya kwanza, na wapo wasomaji waliolalamika kwamba wamechezewa rafu. Sisemi mwisho wake. Nasema tu kwamba mimi niliporudi kuisoma mara ya pili, nikiwa nimeshaudhika, nilikuta hakuna sentensi iliyonidanganya, na kila palipokuwa na pengo nilijua pengo hilo ni la nani. Nilicheka peke yangu. Barua yako haina kicheko cha namna hiyo, hata ukiirudia mara tano.

Kuficha kwa haki ni kuweka kitu mezani huku ukimfanya msomaji atazame dirishani. Chukua mfano huu, nautunga sasa hivi. Sura ya pili, mzee mwenye nyumba anawakaribisha wageni sebuleni. Anaomba radhi kwa vumbi, anamfukuza paka kitini, anasema saa ile ya ukutani ilisimama siku alipofiwa na mkewe na hataki itengenezwe. Papo hapo mpwa wake, aliyewasili asubuhi hiyo, anaingia mbio: mkufu wa marehemu haupo kabatini! Nani atakumbuka saa? Sura ya tisa mzee kauawa. Mpwa anamweleza inspekta kwamba alikuwa chumbani kwake, akasikia saa ya sebuleni ikigonga mara nane, yaani saa mbili usiku kamili, na hapo ndipo akasikia kishindo. Anaendelea kueleza kishindo kilivyokuwa, nasi tunamfuata huko.

Hakuna tulichofichwa. Paka alikuwepo, saa ilikuwepo, mkufu ndio uliotuvuta macho. Na anayedanganya anadanganya kuokoa shingo yake, wala si kwa kuhurumia idadi ya kurasa. Angalia pia kwamba mpwa hakuwamo sebuleni mzee aliposema habari ya saa. Angekuwamo, uongo wake ungekuwa wa kipumbavu, na ningeandika tena kwa penseli.

Niliwahi kumrudishia mwandishi mmoja mswada wenye kosa kama la riwaya yako. Muuaji aliibuka sura ya 27 kati ya 30. Nilipomuuliza, akaniambia alitaka msomaji asimshuku. Nikamjibu kwamba hata jirani yangu sikumshuku, maana naye hakuwemo kitabuni. Alininunia wiki nzima. Baadaye akaleta mswada mwingine ambamo mtu yuleyule yumo tangu sura ya pili, anatengeneza lango lisilofunga vizuri, anasalimiana na kila mtu, anaazima nyundo. Nilimwona kila sura na sikumshuku, mimi niliyekuwa nimeshaambiwa!

Sasa ile ya ukurasa wa 60. Hapa sikubaliani nawe, umeihukumu kwa ukali kuliko inavyostahili. Katika barua yako ndefu umenieleza ulivyomjua muuaji: "yule daktari mstaafu hana kazi yoyote kitabuni, basi ndiye." Dada yangu, hapo hukulifumbua fumbo, ulisoma daftari la matumizi la mwandishi. Msomaji mzoefu anajua kwamba mtu hapewi jina, mvi na kurasa sita za mazungumzo bure. Hilo ni kosa, lakini ni kosa dogo la ufundi: daktari alihitaji kazi ya bandia, ugomvi wa mpaka, au hata uchumba na mjane wa pili. Halikuharibu kiini. Umekiri mwenyewe kwamba mahojiano ya mwisho, daktari anapoeleza alikuwa akimlinda nani kwa miaka yote hiyo, yalikushika. Tangu ukurasa wa 60 ulilijua jina, ila ukimya wa daktari ulibaki wake na sababu yake hukuijua hadi mwisho. Iko hata aina nzima ya riwaya za upelelezi ambamo mhalifu anaonyeshwa akitenda tangu mwanzo na kinachobaki ni atanaswaje, R. Austin Freeman aliianzisha kwenye mkusanyo wake The Singing Bone, 1912. Kwa hiyo mwambie rafiki yako kwamba kujua si dhambi hata huko.

Kwenye mapenzi ndiyo kabisa. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani, Romance Writers of America, kilichoundwa 1980, kinaitambulisha riwaya ya mapenzi kwa mambo mawili: mapenzi yawe ndiyo shina la hadithi, na mwisho wake uuridhishe moyo na uwe wa matumaini. Ukishika kitabu cha aina hiyo, harusi umeshaahidiwa kabla ya kufungua jalada. Kinachokufanya ulie ni kutojua watapitia wapi, na nani atalipa.

Mfano ninaoupenda ni wa zamani kidogo, Pride and Prejudice ya Jane Austen, 1813. Ina sura 61. Darcy anamposa Elizabeth sura ya 34, na anakataliwa vibaya sana. Mojawapo ya sababu ni Wickham, kijana mwenye maneno matamu aliyezunguka akimchafua Darcy. Darcy angeweza kumnyamazisha tangu siku ya kwanza kwa sentensi moja tu: mtu huyu alitaka kumtorosha dada yangu akiwa na miaka 15. Hakuisema. Sentensi hiyo ingemwangusha dada yake kabla ya kumgusa Wickham, kwa hiyo akavumilia kuitwa mbaya. Anakuja kuisema sura ya 35, kwa barua, kwa mwanamke aliyemkataa jana yake. Na barua hiyo, tofauti na ya mpelelezi wako, tunaisoma yote.

Halafu Austen anafanya jambo ambalo sijachoka kulitazama. Anauhamisha ukimya uleule. Sasa Elizabeth anajua, naye ananyamaza kwa kuilinda heshima ya dada wa Darcy, na kwa kuwa amenyamaza, mdogo wake mwenyewe, Lydia, hajui Wickham ni mtu wa namna gani, na anatoroka naye. Siri moja imepita mikononi mwa watu wawili, kila mmoja kwa sababu nzuri, na kila mmoja imemuunguza. Ungemuuliza yeyote kati yao kwa nini hakusema, angekuwa na jibu.

Riwaya yako iliyokuliza inatoka ukoo huo. Tukio ulilonieleza, la yule mwanamke akitandika kitanda cha mgonjwa huku kijana amesimama mlangoni anamshukuru kwa wema anaomtendea baba yake, nimelirudia mara kadhaa katika barua yako. Anakunja shuka, analiweka. Kijana anaendelea kushukuru. Anachukua shuka lilelile, analikunjua, analikunja tena. Haambiwi mtu chochote, na sisi tunajua kila kitu. Akisema, anampokonya kijana baba yake katika siku zake za mwisho. Asiposema, anamsaliti baba yake mwenyewe. Hapo mwandishi hana haja ya kuziba mdomo wa mtu, mambo yenyewe yameuziba.

Hata hivyo kuna doa ambalo machozi yamekuzuia kuliona. Umeniambia siri inatoka pale mzee anapoweweseka kwa homa na kuisema mwenyewe, kijana akisikia. Yaani baada ya kurasa 200 za mwanamke kubeba uamuzi mzito, homa imekuja kuamua badala yake. Mimi ningemrudishia mwandishi sura hiyo. Ningetaka kijana amsikie mwanamke mwenyewe akisema, au tumwone akichagua kunyamaza moja kwa moja na kuishi na hilo. Alistahili.

Ile ya kituo cha treni ingeweza kupona kwa kurasa mbili. Sura ya tatu, tuonyeshwe msichana akiwa mdogo, mama yake anamuuliza baba swali kama hilo, baba anajibu kweli, na nyumba inavunjika usiku ule. Mtoto aliyeona hivyo hujifunza kuogopa majibu. Akikua, akaona kumbatio, akageuka bila kuuliza, tutamlilia badala ya kumpigia kelele. Ukimya umekuwa wake. Lingebaki tatizo moja la aibu kidogo: mtu kachumbia, na mchumba wake hajawahi hata kuona picha ya dada yake? Hilo sijui lingeponywa na nini.

Na kwa kuwa unasoma aina zote mbili, jambo hili litakuchekesha. Kanuni ya tatu ya Van Dine ilipiga marufuku mapenzi ndani ya riwaya ya upelelezi, eti yanachanganya akili. Mwaka 1937 Dorothy L. Sayers, mwanamke aliyeandika riwaya za upelelezi zinazoheshimiwa hadi leo, akatoa Busman's Honeymoon, na chini ya jina la kitabu akaandika kwamba ni hadithi ya mapenzi yenye kukatizwa na upelelezi. Sijui kama alimlenga mtu, lakini napenda kuamini hivyo.

Kuhusu maoni. "Imeniboa" si kosa, ni mwanzo tu, kama mgonjwa anayesema naumwa. Daktari atauliza wapi. Kwa hiyo taja mahali. Fungua kitabu utafute ukurasa ambapo ulianza kusoma kwa uvivu, au ambapo ulikaa vizuri kitini, na useme nini kilitokea hapo. Kwa ile ya barua ungeandika hivi: "Msimulizi ananiambia viatu vinambana, lakini haniambii barua aliyoisoma mbele yangu imesema nini, tangu hapo sikumwamini tena." Hujamtaja muuaji, hujamharibia mtu utamu, na anayekusoma ameshajua kitabu hiki kina tabia gani. Kwa ile ya shuka usingehitaji hata neno "nzuri". Lieleze shuka, basi.

Chunga tu usivuke theluthi ya kwanza ya kitabu unapotoa mifano, hasa kwenye upelelezi. Na ukipenda kitu kwa sababu yako binafsi, sema. Msomaji aliyewahi kuuguza mzazi atalia kwenye tukio la kitanda hata likiandikwa vibaya. Anayesoma maoni yako ana haki ya kujua hilo ili akupunguzie au akuongezee.

Rafiki yako nimempa kazi ndogo. Mwazime ile ya daktari mstaafu, usimwambie chochote, na penseli umpe. Aandike pembeni ukurasa anaoanza kumshuku mtu, na sababu. Akimshuku daktari kwa kitu alichofanya au alichosema, na si kwa kukosa kazi, basi kidokezo kilikuwemo na mimi nimekosea niliposema umesoma daftari la matumizi. Niandikie ukurasa gani.